Boriti nyepesi: Nafuu kwa mjenzi, dakika sita kwenye moto

KWA miaka mingi mfanyabiashara wa mbao nchini Marekani aliipima boriti ya sakafu kwa mambo mawili: bei yake, na umbali inaoweza kuvuka bila kuwekewa nguzo katikati. Tangu mwaka 2008 limeongezeka jambo la tatu, nalo ni idadi ya dakika ambazo boriti hiyo itasimama moto ukiwa chini yake. Jambo hilo limebadilisha kanuni za ujenzi, limeongeza bodi za jipsamu kwenye bili ya mjenzi, na kampuni moja kubwa ya mbao lilikwenda kuigharimu dola milioni 290 katika mwaka mmoja wa hesabu.

Boriti zenyewe ni zile za kiwandani zenye umbo la herufi I. Ukanda wa juu na wa chini ni wa mbao ngumu kiasi, au wa matabaka membamba ya mbao yaliyogandishwa kwa gundi. Katikati husimamishwa ubao mwembamba wa OSB, yaani bodi ya vipande vya mbao vilivyopangwa, kutiwa gundi na kukandamizwa kwa joto. Katika boriti nyingi za nyumba za kawaida, ubao huo wa katikati una unene wa karibu milimita 9.5 tu. Ukiikata boriti hiyo na kuitazama mahali ilipokatwa, unaona kitu kama reli ya treni iliyochongwa kwa mbao.

Biashara hii ilianzia Boise, jimbo la Idaho, ambako Art Troutner na Harold Thomas walianzisha kampuni ya Trus Joist mwaka 1960. Boriti ya umbo la I iliingia sokoni mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960, lakini wakati wake hasa ulifika katika miaka ya 1990. Mwaka 1990 serikali ya Marekani ilimweka bundi mmoja wa misitu ya pwani ya Pasifiki katika orodha ya wanyama wanaolindwa, na mpango wa misitu wa mwaka 1994 ukapunguza sana uvunaji katika misitu ya serikali. Bundi, ambaye Waswahili humwona ni mkosi hata akilia mara moja juu ya paa, huko alibebeshwa lawama ya bei ya mbao. Miti mikubwa ya kupasulia mbao pana ikawa adimu. Boriti ya kiwandani, ambayo hutengenezwa kwa miti midogo na inayokua haraka, ikapata nafasi.

Na ilistahili kuipata. Ni nyepesi, fundi mmoja huweza kuibeba begani. Hainyauki wala kupinda kama ubao mbichi, hivyo sakafu hailii mtu akitembea. Huvuka vyumba vipana, nayo hutumia mbao kidogo kuliko boriti ya ubao mzima. Mwaka 2000 kampuni ya Weyerhaeuser iliinunua Trus Joist kwa karibu dola milioni 720, na hakuna aliyedhani kuwa imelipa pesa za bure.

Jaribio la mwaka 2008

Hesabu hiyo nzuri ilivurugwa na maabara ya Underwriters Laboratories iliyoko Northbrook, karibu na Chicago. Kwa kushirikiana na wazimamoto wa jiji la Chicago na wengine, maabara hiyo ilijenga sakafu za aina mbalimbali juu ya tanuri, ikaziwekea mizigo pamoja na masanamu yenye uzito wa mzimamoto aliyevaa vifaa vyake, kisha ikawasha moto na kuangalia saa.

Sakafu ya mbao nzima za mbili kwa kumi, isiyofunikwa chini, ilianguka baada ya dakika 18 na sekunde 45. Sakafu ya boriti za umbo la I, nayo bila kufunikwa, ilianguka baada ya dakika 6.

Tofauti hiyo ya mara tatu iliwashtua hata watu waliokwisha kuishuku. Wengi hukimbilia kulaumu gundi, kwamba inayeyuka. Lakini tatizo kubwa ni unene, na hili halihitaji maabara. Mama lishe yeyote anajua kwamba vibanzi ndivyo vya kuwashia jiko, na gogo ndilo la kulitunza. Gogo likishika moto hujivika gome la mkaa, na mkaa huo huzuia joto lisiingie ndani upesi. Kibanzi hakina ndani ya kulinda.

Kanuni za uhandisi za Ulaya hukadiria kuwa ubao mzima wa msonobari huliwa na moto kwa kasi ya milimita 0.65 kwa dakika, na bodi za kiwandani kwa kasi ya karibu milimita 0.9. Sasa chukua ubao wa katikati wenye milimita 9.5, uunguzwe pande zote mbili kwa pamoja. Unakwisha baada ya dakika 5 na ushei. Chukua ule wa mbili kwa kumi, ambao kwa kweli una unene wa milimita 38, maana katika biashara hii vipimo vya jina na vipimo vya futi kamba havijawahi kulingana. Baada ya karibu dakika 19 bado zimebaki kama milimita 14. Ni mabaki tu, lakini yamebeba sakafu kwa muda wote huo.

Wenye viwanda walikuwa na hoja yao, na si ya kupuuzwa. Tanuri la maabara huanza na moto mkali, wakati moto wa nyumbani huanza na kochi au waya, ukapanda polepole. Kwa hiyo dakika 6 za tanurini si dakika 6 za nyumbani.

Hoja hiyo ilipata jibu kutoka Ottawa, ambako Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada lilijenga mfano wa nyumba yenye chumba cha chini ya ardhi na kuwasha fanicha ndani yake. Sakafu ya mbao nzima ilianguka baada ya sekunde 740, ya boriti za umbo la I baada ya sekunde 490. Ile iliyobebwa na fremu za mbao zilizounganishwa kwa vyuma vyembamba ilianguka baada ya sekunde 325, ambazo hazifiki hata dakika 5 na nusu. Pengo kati ya mbao nzima na boriti za I lilipungua, lakini halikuondoka.

Watafiti hao wa Kanada waligundua jambo jingine ambalo mara nyingi husahauliwa katika ubishi huu. Katika majaribio hayo moshi na joto viliifanya nyumba isikalike kabla sakafu haijaanguka. Maana yake ni kwamba mkaazi wa nyumba huokolewa kwanza na king'ora cha moshi na mlango uliofungwa, wala si na aina ya boriti. Anayeuawa na boriti ni yule anayeingia baada yake.

Saa ya mzimamoto

Kiwango cha Marekani kwa vikosi vya zimamoto vya kuajiriwa kinatoa sekunde 80 za kuvaa na kupanda gari, na sekunde 240 za safari kwa gari la kwanza. Jumla ni dakika 5 na sekunde 20, kabla ya kuhesabu muda wa kupokea simu na muda ambao moto uliwaka bila mtu kuuona. Kwa maneno mengine, mzimamoto aliyefika kwa wakati, bila kosa lolote, hukanyaga sakafu ya boriti nyepesi katika dakika zilezile inapokaribia kukatika. Tena siku hizi moto wenyewe unakwenda mbio. Maabara hiyohiyo ya Northbrook ilionyesha kuwa sebule yenye fanicha za kisasa za sponji na plastiki huwaka yote kwa chini ya dakika 5, wakati sebule ya fanicha za zamani ilichukua karibu nusu saa.

Agosti 2006, katika jimbo la Wisconsin, wazimamoto wawili waliingia katika nyumba ya makazi kutafuta iwapo kuna mtu amebaki ndani. Sakafu iliyobebwa na fremu nyepesi za mbao ilifunguka chini ya miguu yao. Mmoja aliokoka na majeraha, mwenzake akafia katika chumba cha chini. Tukio hilo limo katika taarifa za taasisi ya serikali ya usalama kazini, NIOSH, ambayo ilikwisha kutoa onyo kuhusu fremu za aina hiyo mwaka 2005 na ikatoa jingine kuhusu sakafu zilizoungua mwaka 2009. Ugumu ni kwamba aliye juu haoni kitu. Vigae na mazulia huficha joto, na zamani sakafu ya mbao nzima ilikuwa ikitoa ishara: inalegea, inabonyea, mzee wa kikosi anaamuru watu watoke. Sakafu ya boriti nyepesi huweza kwenda ghafla.

Jimbo la New York lilichagua njia ya gharama ndogo. Tangu Januari 2015 nyumba mpya za makazi zilizojengwa kwa fremu au boriti za kiwandani hutakiwa kubandikwa alama kwenye sanduku la umeme. Herufi F inamaanisha sakafu, R ni paa, na FR ni vyote viwili. Kibandiko hicho hakizuii moto, lakini humpa kamanda wa kikosi jambo la kufikiri kabla ya kutuma watu ndani.

Jipsamu yaingia kwenye bili

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja na toleo la mwaka 2012 la Kanuni ya Kimataifa ya Nyumba za Makazi, ambayo pamoja na jina lake kubwa hutumika zaidi Marekani kwenyewe. Ilitaka upande wa chini wa sakafu nyepesi ufunikwe kwa bodi ya jipsamu ya nusu inchi, au bodi ya mbao ya inchi tano ya nane. Ilisamehe sakafu iliyo juu ya chumba chenye mabomba ya kunyunyiza maji, na ilisamehe pia sakafu ya mbao nzima za mbili kwa kumi au zaidi.

Msamaha huo wa mwisho ndio wa kuangaliwa na mfanyabiashara. Wamarekani wengi huacha dari ya chumba cha chini wazi, boriti zikionekana. Kwa mjenzi wa namna hiyo, boriti ya kiwandani ilianza kuja na gharama ya jipsamu na ya fundi wa kuibandika, wakati ubao mzima ulikuja peke yake.

Jipsamu yenyewe haina uchawi. Zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya madini, na moto hulazimika kuyageuza mvuke kabla ya kupita. Katika jaribio lilelile la 2008 sakafu ya boriti za umbo la I iliyofunikwa kwa jipsamu ya kawaida ilisimama kwa dakika 26 na sekunde 45, kutoka dakika 6. Ile ya mbao nzima iliyofunikwa ilifika dakika 44 na sekunde 45. Ni vigumu kupata katika duka la vifaa vya ujenzi kitu kingine cha bei hiyo kinachonunua dakika nyingi hivyo.

Hata hivyo vyama vya wajenzi havikufurahi, kama ambavyo havikufurahi na toleo la 2009 lililotaka mabomba ya kunyunyiza maji katika kila nyumba mpya. Majimbo mengi yaliifuta ibara hiyo ya mabomba, na California na Maryland ni miongoni mwa machache yaliyoishika. Ibara ya jipsamu nayo ilikatwa au kulegezwa hapa na pale. Matokeo ni soko lisilo na sura moja: boriti ileile huuzwa pamoja na kinga katika kaunti moja, na bila kinga katika nyingine.

Dawa iliyomgeuka muuzaji

Wenye viwanda hawakukaa bure. Kama mjenzi hataki kubandika jipsamu, kwa nini boriti isitoke kiwandani ikiwa imepakwa kinga? Weyerhaeuser ilikuwa na bidhaa ya namna hiyo iliyoitwa Flak Jacket, boriti ya umbo la I iliyopakwa tabaka la kuzuia moto. Ilikuwa jibu safi la kibiashara. Fundi anaifunga kama boriti nyingine yoyote, mkaguzi anapita, dari inabaki wazi.

Mwishoni mwa 2016 mchanganyiko wa rangi hiyo ulibadilishwa, ukatiwa gundi yenye fomaldehaidi. Julai 2017 kampuni ilitangaza kuwa boriti zilizotengenezwa baada ya tarehe 1 Desemba 2016 zilikuwa zikitoa harufu, na kwamba zilikuwa zimefungwa katika nyumba zipatazo 2,200 zilizokuwa katika hatua mbalimbali za ujenzi. Mauzo yalisimamishwa. Kampuni ikaahidi kubeba gharama za kuzitibu au kuzibadilisha.

Mwekezaji anayesoma taarifa za robo mwaka ataona hapo jambo la kujifunzia hesabu. Makadirio ya kwanza yalikuwa dola milioni 50 hadi 60. Mwaka ulipofungwa, hasara iliyoandikwa vitabuni kwa ajili ya marekebisho hayo ilikuwa imefika dola milioni 290. Boriti huwa ni kitu cha kwanza kufungwa na cha mwisho kufikika. Juu yake kuna sakafu, kuta, mabomba, nyaya, na pengine familia iliyokwisha kuhamia. Kwa hiyo kasoro ya rangi ya boriti hailinganishwi na kasoro ya rangi ya ukuta, hata kama kopo ni la bei moja.

Weyerhaeuser ni kampuni kubwa yenye misitu mingi na iliubeba mzigo huo. Kampuni ndogo yenye kasoro hiyohiyo isingefika robo ya pili.

Wapo pia waliopata hasara bila kuuza boriti hata moja. Januari 2015 jengo la nyumba za kupanga huko Edgewater, New Jersey, mali ya kampuni ya AvalonBay iliyoorodheshwa katika soko la hisa la New York, liliteketea baada ya tochi ya mafundi wa bomba kuwasha moto ndani ya ukuta. Nyumba 240 ziliharibika, kwa bahati bila kifo. Jengo lilikuwa la fremu nyepesi za mbao, na lilikuwa na mabomba ya kunyunyiza maji yanayokubalika kisheria. Lakini kanuni iliyotumika haikulazimisha mabomba hayo katika nafasi zilizofichika ndani ya kuta na darini, na humo ndimo moto ulimopita. Kiwanja hichohicho kiliwahi kuungua mwaka 2000, ujenzi ukiendelea.

Bei nayo imetoa mchango wake. Mei 2021 mikataba ya mbao ya soko la Chicago ilivuka dola 1,600 kwa futi elfu za ubao, wakati majira kama hayo ya 2020 ilikuwa chini ya 400. OSB nayo ilipanda, na boriti za umbo la I zikawa za kugawiwa kwa foleni. Baadhi ya wajenzi walirudi kwenye mbao nzima, wengine walikwenda kwenye fremu zenye viungo vya chuma, yaani aina ileile iliyoanguka mapema kuliko zote kule Ottawa. Uamuzi huo ulifanywa kwa kutazama orodha ya bei na tarehe ya kuletewa mzigo.

Fumba na mbao nene

Katika Afrika Mashariki nyumba nyingi hujengwa kwa tofali na zege, na bidhaa za mbao za kiwandani huishia kwenye milango, makabati, dari na mbao za kumimina zege. Lakini Zanzibar imekwisha kuingia katika mjadala huu. Waendelezaji wa mji mpya wa Fumba walitangaza mradi wa Burj Zanzibar, jengo la ghorofa 28 linalochanganya zege na mbao za kiwandani.

Hapo ni lazima kutenganisha bidhaa mbili ambazo katika vijarida vya mauzo hupewa jina moja. Majengo marefu ya mbao hutumia paneli na nguzo nene zilizogandishwa kwa matabaka, ambazo hufuata kanuni ya gogo, si ya kibanzi. Hizo zina ugonjwa wake tofauti. Katika majaribio ya awali baadhi ya gundi zilishindwa kwenye joto, tabaka lililoungua likabanduka, na mbao mpya ikaufufua moto uliokuwa unafifia. Kiwango cha Amerika Kaskazini cha paneli hizo kilirekebishwa mwaka 2018 ili gundi ya namna hiyo isipite, na kanuni ya Marekani ya mwaka 2021 ikaruhusu majengo ya mbao nene hadi ghorofa 18, yale marefu zaidi mbao zake zikifunikwa.

Kwa muuzaji anayefikiria kuagiza shehena ya boriti nyepesi kwa ajili ya mahoteli ya ufukweni au nyumba za kuunganisha, karatasi ya kudai ni cheti cha jaribio la moto, na cha kusoma ndani yake ni maelezo ya kilichopimwa. Dakika 30 au 60 zinazotangazwa kwa kawaida ni za sakafu nzima: boriti, bodi ya juu, na jipsamu ya unene fulani chini, iliyofungwa kwa skrubu za nafasi fulani. Mnunuzi akiichukua boriti na kuiacha jipsamu dukani, cheti hicho hakimhusu tena.